Maneno mawili ndani ya Baba Yetu



Kila asubuhi, kabla ya kwenda redioni, ninasali Baba Yetu. Ni sala fupi. Tulifundishwa tukiwa watoto, na midomo inaweza kuimaliza huku akili iko sokoni. Lakini tangu nianze kutembelea familia zilizokimbia vita, maneno mawili ya sala hiyo yananisimamisha.

La kwanza ni "leo". Yesu hakutufundisha kuomba chakula cha mwaka mzima. Tunaomba cha leo. Aliyeacha shamba lake la mihogo upande wa Nyunzu anaelewa jambo hilo kuliko mimi. Mama mmoja aliniambia: "Mwanangu, kesho siijui. Ninamshukuru Mungu kwa kuwa jana alitufikisha." Nyumba yake iliungua, na mume wake hajulikani aliko. Mama huyo hakusema kwamba vita ni vizuri, wala kwamba Mungu ndiye aliyevileta. Alisema tu kwamba katika ubaya wote ule Mungu hakumwacha. Kuamini wema wa Mungu ni huko: siku moja, kisha siku nyingine.

Neno la pili ni "yetu". Mwaka 2016 na 2017 Watwa na Waluba walipigana Manono, Nyunzu na katika teritwari yetu ya Kalemie. Vijiji viliteketea, na watu zaidi ya 500,000 walihama makwao katika jimbo la Tanganyika. Pande zote mbili wamo wanaosali, na wote wanasema "Baba Yetu". Hakuna anayesema "Baba Yangu". Basi, kama Mungu ni mwema kwangu, ni mwema pia kwa mtoto wa yule aliyechoma nyumba yangu. Hapo sala inakuwa nzito.

Sala hiyo hiyo inatudai msamaha. Kusamehe si kufunga macho: aliyeua ajibu mbele ya sheria, na aliyenyang'anywa shamba arudishiwe. Lakini chuki tusiwarithishe watoto wetu, maana wao ndio watakaokutana tena kisimani na shuleni siku ya kurudi kijijini.

Tena, kumtegemea Mungu si kukaa mikono mitupu. Ukishasema amina, tia dawa maji ya ziwa kabla ya kunywa, maana kipindupindu hapa kwetu hakijaisha. Ukiwa na bakuli la unga, mkumbuke jirani aliyefika jana bila sufuria.

Kesho asubuhi, wandugu, mkifika kwenye neno "yetu", msilipite haraka. Mtajeni kimya kimya mtu mmoja wa upande wa pili. Kisha mwendelee na sala.