Karachi Ilikuwa Mkono wa Kulia

Leo nina ungamo, na lilianzia ndani ya ndege.

Mwaka 2023 nilimsindikiza mshirika wetu mmoja Mumbai kwa matibabu. Kurudi tulipitia Dubai, tiketi ya njia hiyo ilikuwa nafuu. Kando yangu aliketi mzee wa Kihindi, miaka sabini na kitu. Skrini iliyokuwa mbele yake ilionyesha ramani, kijindege kikikatiza Bahari ya Arabuni. Akaweka kidole upande wa kulia. "Karachi," akaniambia. "Dada yangu yuko hapo, ni mgonjwa. Ndiko ninakoenda."

Nikadhani amepanda ndege isiyo yake!

Hebu piga hesabu nami. Mumbai hadi Karachi, ukipita angani moja kwa moja, ni kama kilomita 880. Ndege ingemaliza kwa saa moja na nusu hivi. Lakini India na Pakistani hazielewani, na ndege ya moja kwa moja haikuwepo. Basi mzee akaruka kilomita 1,900 hivi mpaka Dubai, saa tatu. Angoje uwanjani. Kisha arudi alikotoka, karibu kilomita 1,200, saa mbili nyingine. Na sijataja majuma aliyongoja viza.

Sasa sikia hili. Tarehe 15 Oktoba 1932, J.R.D. Tata aliondoka Karachi asubuhi, peke yake, katika ndege ndogo ya injini moja, amebeba barua. Akatua Ahmedabad, kisha Bombay, ndiyo Mumbai ya leo, mchana wa siku iyo hiyo. Shirika la Air India lilianzia hapo. Nchi ilikuwa moja bado, chini ya Mwingereza, iligawanywa 1947. Ndege zimeongezeka kasi, na Karachi imezidi kuwa mbali.

Nikamwombea mzee kimoyomoyo. Ndipo Roho Mtakatifu akaniuliza: na wewe je?

Ndugu yangu, tumbo moja, anaishi ng'ambo ya mto. Boda boda, dakika kumi. Tulikosania mpaka wa shamba tulipomzika baba, mwaka 2017. Habari zake nilizipata kwa shangazi aliye Nakuru: yeye humpigia shangazi, shangazi hunipigia mimi. Shangazi ndiye aliyekuwa Dubai yetu. Na Mathayo 5:24 nimeihubiri, wewe ni shahidi, ulisema amina.

Utadhani niliposhuka Nairobi nilienda moja kwa moja kwake. Sikwenda. Nimeenda Jumamosi iliyopita.

Mbwa walibweka, shemeji akatoka, akasema ameenda sokoni. Nikangoja. Jioni akafika, akasimama mlangoni akinitazama kwa muda mrefu. Halafu akamuuliza mke wake kama nimepewa chai.

Mambo ya mpaka hatujayagusa bado. Mtuombee.