Uliza Muhuri Kabla ya Kuuliza Bei

Msomaji, unapokwenda kununua nusu kilo ya nyama ya chakula cha jioni, huuliza nini? Wengi wetu huuliza bei tu. Tukishatajiwa twaguna, twaomba nyongeza, twalipa na kwenda zetu. Ng'ombe alichinjiwa wapi na nani alimkagua, hayo hatuyaulizi.

Yafaa tuyaulize, kwani mambo yamebadilika. Tume ya Nyama nchini, KMC, iliundwa mwaka wa 1950. Kiwanda chake cha Athi River kilinunua ng'ombe wa wafugaji, kikawachinja na kutia nyama nyingine mikebeni. Katika miaka ya 1990 kiwanda hicho kilizimika, na machinjio ya watu binafsi, kama yale ya Dagoretti, yakawa tegemeo kubwa la jiji la Nairobi. KMC ilifunguliwa tena mwaka wa 2006, na mwaka wa 2020 ikawekwa chini ya Wizara ya Ulinzi. Hata hivyo, nyama nyingi ya mitaani kwetu hutoka katika machinjio madogo madogo.

Udogo si kosa. Jambo kuu ni mkaguzi. Yeye hupasua maini akitafuta minyoo, hukagua mapafu, kisha hukata moyo na misuli ya taya kuona kama kuna vijidudu vya tegu. Akiridhika, hupiga nyama muhuri wa wino. Nyama isiyopitia mikono yake haina tofauti na kibudu.

Januari moja, mwezi wa karo, mtu fulani alianza kupita mtaani kwetu alfajiri kwa pikipiki, nyama ikiwa ndani ya gunia. Bei yake ilikuwa karibu nusu ya ile ya bucha. Jirani yangu alinishawishi tununue pamoja. Nilimwuliza yule mwuzaji nyama hiyo imechinjiwa wapi na muhuri uko wapi. Akacheka.

"Dada, utakula nyama ama utakula muhuri?"

Nilirudi ndani. Majuma mawili tulikula maharagwe na ndengu, watoto wakinung'unika kila jioni huku harufu ya mchuzi ikitujia kutoka kwa jirani. Huenda nyama ile ilikuwa safi. Lakini sikuwa na njia ya kujua, na mtoto akiugua, pesa nilizookoa zingeishia hospitalini. Wahenga hawakukosea waliposema rahisi ni ghali.

Wala usidhani kwamba taa na vioo vya maduka makubwa ni kinga. Mwaka wa 2019 taarifa ya runinga ilizua hofu nchini kote kwa kudai kuwa baadhi ya maduka hayo yalikuwa yakitia nyama kemikali ili ibaki nyekundu. Wengi walikimbilia bucha za mtaani tena.

Basi tufanyeje? Chagua bucha moja, uzoeane na mwenyewe. Fika asubuhi nyama inaposhushwa, uone kama imeletwa katika sanduku lililofunikwa au imetupwa tu nyuma ya gari. Tazama muhuri mguu ukiwa bado unaning'inia, kwani ikishakatwakatwa huwezi kuuona. Ukitaka nyama ya kusaga, isagwe mbele ya macho yako. Pesa zikipungua, nunua robo kilo na mifupa ya supu, uongeze viazi. Nyumbani, ipike hadi iive kabisa, maana tegu hupenda wala nyama mbichimbichi.

Usione haya kuuliza. Mwenye bucha mwaminifu hatakasirika; atakuonyesha muhuri kwa fahari. Yule atakayekufokea amekwisha kukujibu. Tukizoea kuuliza sote, wenye magunia watakosa wanunuzi, nasi tutaacha kuuziwa mbuzi kwenye gunia.