Bei ya Picha

Bei ya kitu haikomi dukani. Nilinunua printa ya wino kwa bei ndogo, nikajisifu. Lakini nilichapa picha kwa nadra, na wino ukakauka katika vitundu vyake. Siku ya msiba wa mama yangu, sura yake ilikuwamo katika kamera, na ukutani hapakuwa na kitu.

Tangu hapo napima gharama ya picha, si ya mashine. Mwenye kuchapa kila juma na achague printa ya matangi ya wino: ni ghali kununua, lakini wino wake ni rahisi. Mwenye kuchapa kwa nadra na achague ile ihamishayo rangi kwa joto: haina wino wa kukauka, na utepe wake huuzwa pamoja na karatasi kwa idadi, hata gharama ya kila picha hujulikana mapema. Printa rahisi ni ile itiiyo siku ya haja.