Tulivyokwenda Ujiji na Nyanya

Sisi watu wa Kasuku hatusafiri bure. Mtu huenda kununua chumvi, au kuoa, au kuzika. Basi tuliposema kwamba tunakwenda Ujiji, ng'ambo ya ziwa, majirani waliuliza, "Nani amekufa?" Nyanya, mzaa mama yetu, akajibu, "Dada yake nyanya yangu." Wakacheka, maana huyo alipotea zamani sana. Nyanya hakucheka.

Utotoni alisimuliwa jinsi msichana yule alivyokamatwa shambani karibu na Kasongo, wakati wa Tippu Tip, akapelekwa mashariki pamoja na wengine waliofungwa shingoni. Aliyetoroka alileta neno moja tu: Ujiji. Miaka yote Nyanya alimtaja katika sala za Novemba. Sasa alitaka kumwombea mahali penyewe.

Garimoshi lilitupitisha Kibombo, Kongolo, Kabalo na Nyunzu mpaka Kalemie, kilomita 700 hivi. Siku tulizolala njiani hatuzihesabu. Aliyesafiri huko anazijua. Watoto walipoona ziwa walinyamaza. Urefu wake ni kilomita 670 hivi, na kina chake chapita meta 1,400. Tukawaonyesha mto Lukuga, unaotoka ziwani pale pale Kalemie na kwenda kuingia katika Lualaba. Nyanya akasema, "Kumbe maji haya huja kwetu, ila watu wetu hawakurudi nayo."

Tukavuka kwa mashua hadi Kigoma, na kutoka hapo Ujiji si mbali. Watoto wa huko walimwamkia Nyanya, "Shikamoo!" Hakujua la kujibu, mpaka akafundishwa kusema "Marahaba."

Chini ya miembe pana jiwe la ukumbusho, mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Wageni huja kutazama hilo. Lakini sisi tulikumbuka ya kwetu. Tarehe 15 Julai mwaka ule ule Livingstone alikuwa Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba, akaona wenye bunduki wakiwapiga watu sokoni, wakafa mamia. Baada ya hayo ndipo alipogeuka kurudi Ujiji.

Tulipokuwa tukiyasema hayo, Baba akainamisha kichwa. "Mama," akamwambia mkwewe, "babu wa baba yangu alikuwa mwungwana wa misafara. Alishika bunduki. Pengine ndiye aliyemfunga ndugu yako." Neno hilo halikupata kutajwa nyumbani mwetu. Nyanya hakumjibu. Tukaondoka kimya.

Jioni mama mmoja mzee, Mwislamu, alitukaribisha kwake. Nyanya akamwuliza asili yake. "Sisi ni Wamanyema," akajibu. "Wazee wetu walitoka huko ng'ambo." Kumbe Ujiji ina Wamanyema wengi! Wengine walifika kwa kamba, wengine kwa bunduki, wengine kwa biashara. Leo wajukuu wao wamechanganyika, hawatengeki. Tulikuja kutafuta kaburi, tukapata ndugu.

Wakaleta ugali na migebuka. Kwetu mama mkwe hali na mkwewe. Lakini Nyanya alimega samaki wake, akampa Baba nusu kwa mkono wake mwenyewe. "Kula, mwanangu," akasema. "Walioumizana wamekwisha kufa. Sisi tumebaki na watoto hawa." Baba akala huku akilia.

Usiku Nyanya alishika rozari, na mwenyeji wetu tasbihi yake, kila mmoja akiomba kwa njia yake juu ya mkeka mmoja.

Ndugu zetu wa Maniema, nyumba ngapi kwetu zina aliyefungwa upande mmoja na aliyefunga upande wa pili! Hata lugha hii tunayosomea ilikuja kwa njia ile ile ya minyororo. Tusiifiche habari hiyo mbele ya watoto. Novemba ikifika, tumtaje aliyefungwa, wala tusimsahau aliyefunga, maana huyo naye ahitaji sana sala zetu.