Mafaili ya Mianga huko Toulouse

Toulouse, kusini-magharibi mwa Ufaransa, ni mji wa matofali. Makanisa, madaraja na nyumba za kupanga vimejengwa kwa tofali jembamba la kuchoma, ambalo hugeuka rangi ya waridi jua linapotua kando ya mto Garonne. Ndege za Airbus huunganishwa hapa. Hapa pia pana kituo kikubwa cha CNES, taasisi ya taifa ya anga za juu, na ndani yake mna ofisi ndogo ambayo sijaona mfano wake kwetu Kenya: GEIPAN, inayopokea habari za yeyote aliyeona angani kitu asichokielewa.

Kazi hiyo ilianza mwaka 1977. Mkulima akiona mwanga wa ajabu usiku, anaweza kwenda kwa jandarmeri, askari wanaolinda vijiji na miji midogo. Maelezo yake huandikwa kama ya mtu aliyeibiwa ng'ombe: saa, upande, rangi, mwendo, sauti. Nakala hufika Toulouse. Hojaji humtaka hata achore alichokiona. Wachunguzi, wengi wao watu wa kujitolea waliofundishwa kazi hiyo, hulinganisha maneno yake na nafasi za nyota, njia za ndege na satelaiti, na upepo wa usiku ule. Mara nyingi hukuta ni Zuhura, au taa za karatasi zilizorushwa kwenye sherehe.

Kila faili hupewa herufi. A ni kilichotambuliwa wazi, B ni kilichotambuliwa kwa uwezekano mkubwa. D ni kile kilichobaki fumbo baada ya uchunguzi, karibu asilimia 3 tu. Mimi nilivutiwa na C, faili ambalo habari zake hazitoshi kuamua lolote. Serikali inayoandika hivyo na kuwaonyesha raia wake naiheshimu, maana tangu 2007 mafaili hayo yako wazi kwenye intaneti, majina ya mashahidi yakiwa yamefichwa.

Mwenyeji wangu, mzee wa makamo, bado anakumbuka jioni ya tarehe 5 Novemba 1990, mianga ilipopita juu ya Ufaransa ikiburuta mikia, polepole, bila kishindo. Watu wengi mno waliiona, na wapo walioapa kuwa ni chombo kimoja kikubwa. Jibu lilipatikana: ni kipande cha roketi ya Kisovieti aina ya Proton kilichokuwa kikiungua kikirudi duniani.

Kwetu pwani, mwanga unaotembea juu ya bahari husemwa ni wa majini, na habari huishia barazani. Sisemi masimulizi hayo yafe, nayapenda. Lakini uwezo wa kuchunguza tunao. Pete ya chuma ya kilo 500 hivi ilipoanguka kijiji cha Mukuku, Makueni, tarehe 30 Desemba 2024, Shirika la Anga za Juu la Kenya lilifika, likaichukua na kuueleza umma kwamba ni sehemu ya roketi. Ile ilikuwa chuma, ikashikika. Mwanga haushikiki, ndiyo maana unahitaji shahidi na karatasi zaidi kuliko chuma.

Basi ofisi za machifu zipewe daftari la kazi hiyo. Nawe msomaji, ukiona mwanga usioujua, kabla ya kumsimulia mtu andika saa, upande ulikotokea na ulikoelekea, umedumu muda gani, na kama ulikuwa na sauti.