Bendera ya Mezani

Ukifika Nairobi utasikia sifa za Carnivore, hoteli ya nyama iliyofunguliwa mwaka 1980. Nyama ya ng'ombe, ya kondoo, hata ya mamba, huchomwa makaani kwenye sime za Kimasai. Watumishi hupita wakikukatia sahanini. Mezani pana bendera ndogo: ikisimama, wanaleta tu, ukiilaza, umeshiba.

Bei ni kubwa, tena ni moja, ule vipande viwili au kumi. Je, yastahili? Kwa mwenye njaa na ziada, ndiyo. Lakini ukila ili kurudisha fedha zako, huo ni ulafi. Na ikiwa mfukoni mna karo ya mtoto, pita njia. Mwenye ziada aende na mama watoto, washukuru Mungu, wailaze bendera mapema.