Kwazi Wawili wa Naivasha

Mota ilizimwa, boti ikabaki inaelea. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu mwembamba ungali umelala juu ya maji, na kijana wa boti alikuwa ameshika tilapia mdogo aliyekwisha kumtia kijiti cha mafunjo mdomoni ili asizame. Ndivyo wafanyavyo Naivasha: hupiga mluzi, humrusha samaki hewani, na kwazi hushuka kumchukua mbele ya kamera za wageni. Akanigeukia. "Shosho, nimwite?"

Nikamwomba asimwite. Akanitazama kwa huruma kidogo, kama amtazamaye mtu aliyelipa nauli akakataa kupanda, kisha akamrudisha samaki ndooni.

Kwazi walikuwa wawili, juu ya mgunga mkavu uliosimama ndani ya maji. Miaka ya karibuni ziwa limefura na kumeza nchi kavu, na migunga iliyokuwa ukingoni imekufa imesimama, myeupe kama mifupa. Ni hasara kubwa kwa waliopoteza mashamba na nyumba. Kwa kwazi, kila tawi lisilo na jani limekuwa kiti cha kuvulia. Wa juu akarusha kichwa nyuma mpaka kisogo kikakaribia kugusa mgongo, akalia. Kabla hajamaliza, wa pili akaingia. Sauti ya mmoja ilikuwa nyembamba na ya juu, ya mwenziwe nzito, imeshuka chini. Yule mwenye sauti nyembamba ndiye dume, na ndiye mdogo wa mwili. Kwa ndege wawindaji karibu wote, jike ndiye mkubwa. Wakapokezana mara nne, kila mmoja akiingia kwenye mkia wa sauti ya mwenziwe, kisha wakanyamaza kwa pamoja.

Nikajikuta vidole vyangu vinatembea juu ya goti.

Nimepiga piano tangu nikiwa na miaka 8, na sasa nina 67. Nilianzia Mombasa, kwenye piano ya kanisa iliyokuwa ikiugua joto la pwani. Yeyote aliyewahi kuwa na piano pwani anajua ugonjwa huo: unyevu unavimbisha mbao, waya zinashika kutu, vibao vinakwama vikishabonyezwa na haviinuki tena. Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa akiwasha balbu ya wati 40 ndani ya piano, chini karibu na vikanyagio, usiku na mchana, ili hewa ya ndani ikauke. Mpaka leo nikisikia harufu ya vumbi lililopashwa moto na balbu, mgongo hunyooka wenyewe. Baadaye nikawa mpiga piano wa kwaya, nikafundisha watoto, nikastaafu, na sijawahi kupita wiki bila kukaa mbele ya vile vibao 88, isipokuwa nilipojifungua.

Wale wawili juu ya mgunga walikuwa wakifanya jambo ninalolifundisha maisha yangu yote. Bach aliandika vipande 15 vya sauti mbili kwa ajili ya wanafunzi, akavinakili kwa usafi mwaka 1723, na kila mtoto anayejifunza piano kwa dhati hukutana navyo. Humo mkono wa kushoto si mtumishi wa mkono wa kulia. Mmoja husema, mwingine hupokea kabla wa kwanza hajafunga kinywa, na mchezaji lazima awasikie wote wawili. Nimekaa na watoto wengi wakilia machozi juu ya vipande hivyo, maana sikio huwa linafuata sauti ya juu tu. Laiti ningalikuwa na uwezo wa kumchukua kila mmoja wao hadi kwenye boti ile, asubuhi moja tu.

Tulingoja dakika arobaini. Hakuna aliyeshuka kuvua. Kijana akawasha mota, akanipeleka ukingoni, na hakunidai shilingi ya ziada.

Naivasha iko kama kilomita 90 kutoka Nairobi, na mimi hupenda njia ya chini, ile inayoteremka ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea Mai Mahiu, ikipita kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa kivita Waitaliano waliokuwa wakitengeneza barabara wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kwenye mteremko huo, mwombe dereva wa matatu akupe kiti cha dirishani upande wa bonde. Bonde linafunguka ghafla, Longonot amekaa katikati na kreta yake, na mara nyingi utamwona kipanga amesimama hewani chini yako. Kumtazama ndege mwindaji mgongoni badala ya tumboni ni bahati ambayo mtu wa pwani, aliyezaliwa kwenye nchi tambarare, haizoei.

Hapa lazima niseme neno kuhusu majina, maana Kiswahili chetu kina hazina ambayo watu wanaiacha ioze. Wengi leo wakiona mbawa kubwa angani husema "tai", basi. Lakini tuna mwewe, mwizi wa vifaranga mwenye mkia wa panda. Tuna kipanga na kozi. Tuna tumbusi wa mizoga. Na tuna kwazi, ambaye kwetu pwani wengine humwita furukombe. Marehemu nyanya yangu alikuwa akiwatofautisha kwa jinsi kuku walivyokimbia, kabla hajainua macho.

Kusini mwa ziwa iko Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate, iliyotangazwa mwaka 1984, ndogo, kilomita za mraba 68 tu. Sifa yake ni kwamba unaingia kwa miguu au kwa baiskeli. Unakodi baiskeli getini, unapita katikati ya punda milia na swala, na pande zote mbili zinainuka kuta za mwamba mwekundu zenye mistari ya wima kama mabomba ya kinanda kikubwa cha kanisa. Mimi sipandi tena baiskeli. Natembea, na fimbo, na darubini shingoni, na mkate wa chai mfukoni.

Nafika chini ya ukuta mkubwa kabla ya saa tatu, kwa sababu hiyo ndiyo saa ya tumbusi. Mwamba una madoa marefu meupe ya kinyesi, na kwenye vibaraza vyake wamekaa tumbusi wa Rüppell, shingo zimezama mabegani, manyoya yana madoa kama magamba ya samaki. Hawaendi popote. Ukiwa hujui, utadhani ni wagonjwa. Wanangoja jua liupashe mwamba, mwamba uipashe hewa, na hewa ianze kupanda. Kisha mmoja anafungua mabawa na kujiachia. Hapigi bawa. Anaanguka kidogo, anakuta hewa inayopanda, anaegemea, na kuanza kuzunguka. Wa pili anamfuata, na wa tatu. Kwa dakika kumi wamekuwa nukta. Mwaka 1973 ndege ya abiria ilimgonga mmoja wa jamii hii juu ya Abidjan, zaidi ya mita 11,000 kutoka chini, na hatujui ndege mwingine aliyefika kimo hicho. Kwa siku moja huweza kwenda zaidi ya kilomita mia kutafuta mzoga, na safari yote hiyo ni uzito tu unaobebwa na hewa.

Mara ya kwanza nilipoliona jambo hili nilikuwa na miaka 52 na mikono yangu ilikuwa imeanza kuniuma. Kifundo cha mkono wa kulia kilikuwa kikiwaka moto kila nikimaliza ibada ya pili. Walimu wangu wote walikuwa wameniambia nisisukume kibao, niuache uzito wa mkono uanguke. Nami nilikuwa nimewaambia wanafunzi wangu maneno hayohayo, na bado nilikuwa nasukuma. Mtu husema asilolifanya miaka mingi bila kujua. Pale chini ya mwamba nikamtazama mnyama wa kilo saba au nane akipanda kwa kuacha kufanya kazi. Nikarudi nyumbani, nikakaa mbele ya piano wiki nzima nikipiga noti moja moja, nikiinua mkono na kuuachia tu. Maumivu hayakuisha kwa siku moja. Yaliisha.

Wanazidi kupungua, na hili linaniumiza. Simba au fisi akila ng'ombe, kuna wafugaji wanaotia sumu kwenye mzoga kumlipizia kisasi. Tumbusi hufika kwa makumi, na mzoga mmoja huweza kuua kundi zima. Jike hutaga yai moja tu kwa msimu. Tumbusi wa Rüppell leo yumo katika daraja la mwisho la hatari kabla ya kutoweka porini. Mfugaji aliyepoteza ng'ombe ana machungu ya kweli, na fidia huchelewa au haiji, siwezi kumlaani. Lakini nimefika chini ya ukuta ule asubuhi ambazo nilihesabu watatu mahali ambapo zamani nilichoka kuhesabu.

Mbele kidogo, karibu na nguzo ya mwamba iitwayo Fischer's Tower, kwa jina la Mjerumani aliyepita hapa mwaka 1883, pimbi huota jua, na palipo na pimbi utafute tai mweusi. Huyu ni mweusi wa makaa, na mgongoni ana mchoro mweupe unaoonekana akigeuka. Pimbi wanamjua kuliko sisi. Mmoja hupiga kelele, na mwamba wote unakuwa mtupu.

Lakini kipenzi changu ni kipanga mnene wa hapo, mwenye kifua cheupe na mkia wa rangi ya matofali. Hana haya na watu. Hukaa juu ya kichaka akitafuta panya, na akilia sauti yake ni ya ukali, ya kukatika-katika. Ana ndugu yake Ulaya, na ndugu huyo ameingia kwenye piano. Mtunzi Mfaransa Olivier Messiaen, aliyezoea kwenda mashambani na daftari kuandika sauti za ndege kwa noti, alitunga kati ya 1956 na 1958 vipande 13 vya piano vyenye majina ya ndege wa Ufaransa, na cha 11 ni cha kipanga wa huko. Ni kigumu. Nilikianza baada ya kustaafu, na nimechukua miaka minne kukifikisha mahali ambapo naweza kukipiga bila kusimama. Sehemu ngumu kuliko zote si zile zenye noti nyingi. Ni pale ndege anapozunguka juu bila haraka, na mikono yote miwili inatakiwa kukaa hewani kwa muda ambao kila mshipa wa mwilini unaona ni mrefu mno. Hell's Gate ndiko nilikojua urefu wake sahihi. Nilisimama na saa mkononi nikapima mzunguko mmoja wa kipanga, kutoka ukuta hadi ukuta.

Jioni hurudi ziwani. Kwenye njia ya kusini iko Elsamere, nyumba ya Joy Adamson, ambayo sasa ni makumbusho, na mbega weusi kwa weupe huruka juu ya bustani watu wakinywa chai. Dunia inamjua kwa simba Elsa na kitabu chake cha 1960. Mimi humkumbuka kwanza kama msichana aliyesomea piano Vienna kabla hajafika Kenya mwaka 1937, na kila nikikaa kwenye nyasi zile nikimsikia kwazi, hufikiri kwamba sikio lile lilikuwa limefundishwa vizuri.

Nyumba ya wageni ninayofikia ina piano ya zamani sebuleni, imekauka kwa hewa ya bara kama ile yangu ilivyolowa kwa hewa ya pwani. Fa moja ya katikati haitoi sauti kabisa. Ndani ya piano, ukibonyeza kibao, nyundo huachiliwa kabla haijaigusa waya. Sehemu ya mwisho huenda peke yake, na chochote ulichotaka kubadilisha, umechelewa. Kwa fa ile nyundo inaenda, inarudi, kimya. Napiga Bach wangu wa sauti mbili, na kila nikipita hapo naisikia kichwani.

Asubuhi ya mwisho nilirudi kwa kijana yuleyule. Hakuuliza kama amwite. Alizima mota mbali kidogo na mgunga, akavuta kofia masikioni, tukakaa. Kwazi wawili walilia, wakanyamaza. Muda ukapita, viboko wakakoroma kwenye mafunjo, jua likaondoa ukungu. Kisha jike, bila sauti, akajiachia kutoka tawini. Alikuja chini kwa mteremko mrefu, mabawa yamenyooka, na mwishoni kabisa akatupa miguu mbele. Maji hayakuruka sana. Nilisikia mchaniko, kama kitambaa kinachopasuliwa, na alipoinuka alikuwa na samaki mweusi anayepinda kwenye kucha, mzito kiasi cha kumlazimisha kupiga mabawa kwa nguvu juu ya vichwa vyetu. Tone la maji likaniangukia kwenye kioo cha darubini.

"Shosho," kijana akasema kwa sauti ya chini, "huyu hakuitwa."

Akatazama ndoo yake, akamtoa kijiti cha mafunjo tilapia wake mdomoni, akamweka chini ya kiti apelekwe nyumbani.